Mito Mitatu Juu ya Kiti cha Mama

Asubuhi katika nyumba ile ilianza kwa cherehani. Kabla chai haijachemka, kabla baba hajafunga kamba za viatu vyake vya kazi, mama alikuwa ameshakaa karibu na dirisha anakanyaga pedali, na cherehani inakimbia mpaka vikombe vinatikisika kabatini. Binti yao wa miaka kumi na miwili alizoea kuamka kwa mlio huo. Hakuhitaji saa wala kuitwa mara mbili.

Shuleni alikuwa na jina lake daftarini kama watoto wengine, lakini mtaani na darasani wote walimwita Kioo. Unauliza kwa nini? Mtoto yule alikuwa na kipaji cha kuigiza watu. Amwone mtu mara moja tu, basi, atakuonyesha mwendo wake, sauti yake, hata anavyopenga kamasi. Aliwahi kumwigiza mwalimu wa hesabu akitafuta miwani huku ameivaa kwenye paji la uso. Darasa zima likaangua kicheko, naye Kioo akafagia uwanja wa shule peke yake siku mbili.

Mama yake alikuwa mshonaji, na si mshonaji wa kubahatisha. Wanafunzi wengi wa shule ile walivaa sare alizoshona yeye, na ukitaka kumjua aliyeshonewa na Mama Fundi, ulitazama kola tu. Kola zake zililala shingoni bila kukunjamana hata mwanafunzi akicheza mpira nazo. Baba alikuwa mwashi, mtu wa maneno machache, mwenye vumbi la saruji kwenye nyusi. Halafu kulikuwa na kitinda mimba wa nyumba, mvulana wa miaka mitatu, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kuinua mikono juu na kusema, "Beba!"

Maumivu ya mama yalianza kama mzaha. Siku moja, katikati ya msimu wa sare, aliinuka kitini, akashika kiuno na kucheka. "Lo! Kiti hiki kigumu kama jiwe," akasema.

Kioo alimwonea huruma. Chini ya meza kulikuwa na gunia la vipande vya vitambaa, vile vinavyobaki baada ya kukata nguo. Akachagua kipande kizuri, akashona mfuko mdogo, akaujaza vipande vingine mpaka ukatuna, akauweka juu ya kiti. "Kaa hapa, mama."

Mama akakaa, akafumba macho kwa raha. "Mungu akuzidishie, mwanangu. Nimepata mgongo mpya." Siku hiyo Kioo alikwenda shule kifua mbele, maana hakuna mtoto asiyependa kuitwa dawa ya mama yake.

Raha ile ilidumu siku nne. Siku ya tano mama alianza tena kujishika kiuno, na safari hii hakucheka. Kioo akarudi kwenye gunia, akashona mto wa pili. Mama akashukuru, akakaa juu kidogo, akaendelea na kazi. Mwezi haukuisha, maumivu yakapanda mpaka katikati ya mabega. Kioo akashona mto wa tatu, mkubwa kuliko yote, akautia vifungo pembeni ili upendeze. Kila maumivu yalipoongezeka aliongeza mto, kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kuongeza.

Kuna mambo yalitokea hapo ambayo hakuna aliyeyatilia maanani. Magoti ya mama yalianza kugonga ubao wa chini wa meza ya cherehani, kwa hiyo akasukuma kiti nyuma. Miguu yake, ambayo zamani ilitua pedalini yote, sasa iligusa kwa vidole tu. Na ili aione sindano, alilazimika kuinama kama mtu anayechungulia kisimani. Lakini mambo yale yalikuja kidogo kidogo, leo hili, kesho lile, na macho ya watu wa nyumbani yakayazoea.

Dawa zilijaribiwa, tena nyingi. Baba alileta mafuta ya kuchua yenye harufu kali mpaka chakula kikawa na ladha ya mafuta. Jirani mmoja akasema mgongo hufungwa kwa kitambaa kigumu. Mama akafungwa, akashindwa kupumua, akafunguliwa. Jirani mwingine akasema dawa ya mgongo ni kulala sakafuni. Mama akalala sakafuni usiku mmoja, na asubuhi ilibidi baba na Kioo wamshike huku na huku ili ainuke. Akipumzika siku mbili alipata nafuu. Akirudi kazini maumivu yanamrudia, tena kwa hasira, utadhani yalikuwa yakimsubiri pale kitini.

Asubuhi moja Kioo aliamka na kuona nyumba iko kimya. Cherehani hailii. Alitoka mbio, akamkuta mama amekaa ukingoni mwa kitanda, viatu viko mbele yake, naye anavitazama tu. Alikuwa ameshindwa kuinama ili avivae.

Mdogo wa Kioo alikuwa amesimama hapo hapo, mikono juu. "Beba, mama!"

"Kesho, mwanangu," mama akasema taratibu. "Kesho nitakubeba."

"Ulisema kesho jana!"

Kioo akapiga magoti, akamvisha mama yake viatu, mguu mmoja, kisha wa pili, huku moyo unamuuma. Alikumbuka jinsi mama alivyokuwa akimvisha yeye viatu siku za kwanza za shule. Siku ile darasani mwalimu aliandika ubao ukajaa, na Kioo hakunakili hata mstari mmoja. Alijiuliza swali lile lile asubuhi nzima: nifanye nini? Jibu halikuja, kwa sababu kila alichokijua alikuwa ameshakifanya.

Jioni yake mambo yakaharibika zaidi. Mdogo wake alilia kwa kutobebwa, akalia mpaka sauti ikakauka. Kioo alimbembeleza kwa nyimbo, akakataa. Akampa kifungo kikubwa chekundu acheze nacho, akakitupa. Mwishowe Kioo akatumia silaha yake ya kawaida. Akaweka mkono kiunoni, akatoa makalio nyuma, akanyoosha shingo mbele, akaanza kutembea hatua moja moja huku anaguna, "Eeeh, Mola wangu! Eeeh, mgongo wangu!"

Mtoto akanyamaza. Kisha akacheka. Kioo naye, kwa kuona amefaulu, akakoleza. Akainama zaidi, akaguna zaidi, akageuka kurudi, na hapo akamwona mama amesimama mlangoni na mkono wake uko kiunoni vile vile.

Mama hakumpiga wala hakumkaripia. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Ndivyo ninavyotembea siku hizi?" Kisha akageuka, akaenda kukaa. Kioo alitamani ardhi ipasuke immeze. Bora angechapwa, yakaisha.

Baba alipoambiwa, alimwita Kioo pembeni. "Mzazi haigizwi, mwanangu. Kipaji ni kizuri, lakini kina mahali pake."

"Sitamwigiza tena mtu yeyote, baba. Naapa," Kioo akasema, machozi yakimtiririka. Naye alikusudia kweli.

Siku chache baadaye, wakati wa chakula cha mchana, mama alimwambia baba jambo ambalo lilimfanya Kioo aache kutafuna. "Nimefikiri sana," alisema. "Mwili umekataa. Nimemwambia mdogo wangu aje Jumamosi na mkokoteni aichukue cherehani. Yake ni mbovu, na hii yangu ikikaa bure itaota kutu."

"Halafu wewe utafanya nini?" baba akauliza.

"Nitakaa," mama akajibu. Akajaribu kutabasamu, akashindwa.

Ile cherehani ilikuwa ya bibi. Maua ya dhahabu yaliyochorwa ubavuni yalikuwa yamefutika kwa kuguswa na mikono ya wanawake wawili, na mama alikuwa amemwahidi Kioo kwamba akimaliza darasa la saba atamfundisha kushona kola juu yake. Lakini hilo silo lililomuumiza zaidi. Alijua kwamba mama yake akikosa kushona hatakuwa yule mama anayeimba akitia uzi sindanoni, anayemwambia mteja bila kumwonea haya, "Umenenepa, mwenzangu, usinilaumu mimi." Atakuwa mtu mwingine amekaa tu. Na ilikuwa Jumanne tayari.

Sasa mtoto afanye nini? Alifanya alichokijua. Alikwenda kwenye gunia, akaanza kushona mto wa nne.

Mama mdogo alimkuta katika kazi hiyo Jumatano alasiri. Alikuwa amekuja kuipima cherehani kama itapita mlangoni. Mama mdogo huyu alikuwa mshonaji pia, mwanamke wa mdomo mwepesi, asiyeweza kukaa na neno tumboni hata dakika moja. "Unashona nini, Kioo?"

"Mto wa mama. Wa nne."

"Wa nne! Ala! Mtoto wewe, unataka kumfikisha mama yako darini?" Akacheka sana. Kisha akamtazama dada yake aliyeegemea ukuta, uso umemsawijika, na kicheko kikamwishia. "Dada, nisikilize. Cherehani nitaichukua, sikatai. Lakini umeonwa na nani?"

"Nimechuliwa. Nimefungwa. Nimelala chini."

"Nimeuliza umeonwa na nani, siyo umefanywa nini. Kila Alhamisi pale kituo cha afya kuna mtaalamu wa viungo. Kesho ni Alhamisi."

"Mimi si mgonjwa, nimechoka tu."

"Basi kesho nenda kachoke mbele yake," mama mdogo akasema. "Usipokwenda, cherehani yako siichukui, ng'o! Na ikiota kutu shauri yako."

Siku iliyofuata Kioo aliomba ruhusa shuleni amsindikize mama. Mama alivaa gauni lake la kutokea, akajifunga kilemba vizuri, akatembea polepole akipumzika kila baada ya nyumba mbili tatu. Kioo alibeba mkoba, naye kila mama aliposimama alisimama, asijue aangalie wapi.

Mtaalamu wa viungo alikuwa kijana wa mikono mipana na shati lililokunjwa mpaka viwikoni. "Shikamoo, mama," akasalimu.

"Marahaba, mwanangu," mama akajibu, huku macho yake yakisema: huyu si umri wa mdogo wangu wa mwisho? Lakini kijana alijua kazi yake. Alimwambia ainame mbele, ainame nyuma, ainue mguu, asukume mkono wake. Alibonyeza mgongo pingili kwa pingili. Aliuliza maumivu yalianza lini, na kama miguu huwa na ganzi. Mama akasema ganzi hakuna.

"Hilo ni jambo jema," alisema mwishowe. "Sioni dalili ya ugonjwa wa mifupa. Misuli ndiyo imekaza kama kamba iliyovutwa siku nyingi. Kazi yako ni nini?"

"Kushona, daktari."

"Hebu chukulia meza hii ndiyo cherehani. Nionyeshe unavyokaa."

Mama akakaa. Na mama yule, jamani, alikuwa mtu wa adabu. Mbele ya mgeni hakuweza kukaa ovyo. Alikaa wima, mikono imetulia mezani, kidevu kiko juu, kama bibi harusi anayepigwa picha. Kijana akazunguka kushoto, akazunguka kulia, akakuna kichwa.

"Huwa unakaa hivi siku zote?"

"Hivi hivi, daktari. Kama watu."

"Basi sielewi," kijana akasema. "Mgongo wako unaniambia hivi, na wewe unaniambia vile. Mtu anayekaa namna hii haumwi hapa." Akashika kalamu, na Kioo akaona kabisa kwamba ataandika vidonge, watarudi nyumbani, na Jumamosi mkokoteni utakuja. Yeye alijua. Alijua ule haukuwa ukaaji wa mama, lakini angesemaje? Maneno hayakutosha, na kile ambacho kingetosha alikuwa ameapa kutokifanya.

Kijana akamwona anavyohangaika. "Wewe unaishi naye. Mama hukaa hivi?"

Kioo akainamisha kichwa. "Siwezi kusema, daktari."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ingebidi nimwigize. Na nimeapa simwigizi tena."

Mama alitazama mikono yake mezani. Siku ile ya mlangoni ilikuwa bado inamuuma, hilo lilionekana. Kisha akainuka polepole, akaegemea ukuta, akakionyesha kile kiti. "Kaa, mwanangu. Niigize."

"Mama…"

"Niigize kama ulivyofanya siku ile, usinipunguzie. Mimi mwenyewe sijioni."

Kioo akakaa. Akatulia kidogo, akatikisa kichwa. "Kiti ni kifupi. Naomba mto, daktari."

Kijana akampa mto wa kitanda cha wagonjwa. Akauweka, akakaa. "Naomba mwingine." Akapewa. "Naomba na wa tatu."

"Mitatu?" kijana akauliza, na mkono wake ukaganda hewani.

"Mitatu. Nilimshonea mimi mwenyewe."

Akapanda juu ya ile mito, na hapo Kioo akatoweka, akabaki Mama Fundi. Magoti yaligonga ubao wa meza, akasukuma kiti nyuma. Vidole vya miguu vikatafuta pedali. Mgongo ukajikunja, mabega yakapanda mpaka masikioni, shingo ikatoka mbele, pua ikakaribia kugusa sindano isiyokuwepo. Mama aliyeegemea ukuta akaziba mdomo kwa mkono.

"Usiinuke," kijana akasema. "Kaa hivyo hivyo, uendelee kushona." Akavuta mto wa juu taratibu, akautoa. Kioo akashuka kidogo, na bila mwenyewe kutaka, mabega yake yakashuka. Kijana akatoa mto wa pili. Magoti yakaacha kugonga, kiti kikasogea mbele. Akatoa wa tatu. Nyayo za Kioo zikatua sakafuni, na mgongo wake ukanyooka wenyewe kama mche uliofunguliwa kamba.

Hakuna aliyekuwa amesema neno, lakini Kioo alikuwa ameshaelewa yote. Alielewa kwa mgongo wake mwenyewe. Aliitazama ile mito mitatu mikononi mwa kijana, uso ukamkunjamana, akalia kwa sauti. "Ni mimi! Ni mimi niliyemuumiza mama! Na wa nne nilikuwa nausho… naushona…"

Mama alisahau mgongo wake. Alimfikia kwa hatua mbili, akamkumbatia kichwa. "Nyamaza. Nyamaza, mwanangu. Wewe ulinipa ulichokuwa nacho."

Kijana alisubiri mpaka kilio kipungue. "Sikia, Kioo," akasema. "Mama yako angekuja kwangu peke yake, angekaa kama bibi harusi, nami ningempa vidonge aende zake. Wewe ndiye uliyenionyesha." Kisha akamgeukia mama, akamweleza kwa utaratibu. Kiti kiwe cha kimo ambacho nyayo zinatua chini na mapaja yamelala sawa. Akisogeze karibu na cherehani, asiifuate sindano kwa shingo. Meza ikiwa bado iko chini, iinuliwe kwa vipande vya mbao. Mto mmoja, tena mdogo, uwekwe nyuma ya kiuno. Akamfundisha na mazoezi mawili ya kunyoosha mgongo, akasema kupona kutachukua wiki sita.

"Na jambo kubwa, usikae muda mrefu bila kuinuka. Kila nusu saa simama, tembea kidogo."

Mama akaguna. "Nusu saa! Mwanangu, mtu akishashika nguo anaijua saa?"

Kioo akapangusa pua. "Bobini, mama," akasema kwa sauti ya kilio. "Kila uzi wa bobini, ule wa chini ya sindano, ukiisha lazima usimamishe cherehani. Hapo hapo simama, nenda mpaka mlangoni, urudi."

Kijana akamtazama, akacheka. "Mimi nimesoma miaka mingi, na hilo la bobini sikulijua."

Jioni baba alipopata habari, alijipiga kibao cha paji la uso. "Mganga hajigangi! Kila siku napima kuta za watu kwa timazi zisiende upande, na mke wangu anapinda ndani ya nyumba yangu nisione!" Akaenda kuchukua ile timazi, kamba yake yenye kipande cha chuma mwishoni. Akaining'iniza ubavuni mwa mama alipokaa, akasema sikio, bega na nyonga viwe kwenye mstari mmoja. Akakata vipande vinne vya mbao, akavichonga mashimo, akavitia chini ya miguu ya meza.

Msomaji, usidhani mama alipona siku ileile. Ijumaa aliamka na maumivu yake. Jumamosi vilevile, na mama mdogo akaja na mkokoteni. Kioo alisimama mbele ya cherehani, amekauka kama kigingi. Angesema nini, wakati mama bado anaguna akiinuka?

"Daktari kasema wiki sita," mama akamwambia mdogo wake, huku anamalizia mshono wa mwisho. "Lakini ahadi ni ahadi. Ichukue."

Mama mdogo akaizunguka cherehani. Akavitazama vipande vya mbao, akakitazama kiti kilichovuliwa mito. Wakati huohuo uzi wa bobini ukaisha, na mama, bila kukumbushwa, akasimama, akatembea mpaka mlangoni, akarudi. Mama mdogo akamfuata kwa macho kwenda na kurudi.

"Wiki sita si miaka," akasema. "Nitarudi. Lakini siwezi kusukuma mkokoteni mtupu nikachekwa njiani." Akaokota ile mito mikubwa miwili, akaongeza na ule wa nne ambao haujajazwa, akaitupa ndani. "Hii itafaa benchi langu la wateja. Wao hawashoni, wanasubiri tu." Kioo alicheka huku machozi yanamtoka.

Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu. Mara nyingi Kioo alimwona mama ameanza kujikunja tena, na kila mara aliogopa. Wiki ya pili mama alivaa viatu mwenyewe. Wiki ya nne alianza kuimba akitia uzi. Na wiki ya sita, asubuhi moja, mdogo wa Kioo alisimama pale pale pa siku zote, akainua mikono. "Beba!"

Mama hakusema kesho. Alikunja magoti kama alivyofundishwa, akamkumbatia karibu na kifua, akainuka naye. Mtoto alishangaa mwenyewe huko juu, akasahau hata kucheka. Baba aliyekuwa mlangoni akageuka haraka kutazama nje, akasema vumbi la saruji limemwingia machoni, ingawa siku hiyo hakuwa amekwenda kazini.

Mama mdogo alipokuja mchana hakuja na mkokoteni. Alimkuta mama anamalizia kola. Nyuma ya kiuno chake kulikuwa na mto mmoja mdogo, ule wa kwanza kabisa.

"Kioo," mama akaita. "Njoo. Kaa hapa uniigize."

Kioo akasita. "Kweli, mama?"

"Kweli. Nataka kujiona."

Kioo akakaa. Nyayo zikatua, mabega yakalegea, mgongo ukaegemea mto mdogo. Akashona nguo isiyokuwepo, akiimba wimbo wa mama chinichini. Kisha akasimama kama mtu ambaye uzi wake umekwisha, akaenda mpaka mlangoni, akarudi.

Mama alimtazama mpaka mwisho, macho yanang'aa. "Ndivyo ninavyokaa siku hizi?"

"Ndivyo, mama."

"Basi sikia, mwanangu, nawe ukumbuke unapoinamia madaftari yako," mama akasema, akimvuta karibu. "Mgongo haukupinda kwa siku moja, na haukunyooka kwa siku moja. Mimi nilikosea kunyamaza na kuona haya, nikafunika maumivu badala ya kuuliza yanatoka wapi. Na wewe huruma yako haikuwa mbaya. Utazame mto huu. Ni ule ule uliokuwa ukiniumiza, leo unanishika mgongo. Tulihitaji tu mtu wa kutuambia uwekwe wapi. Ukimpenda mtu, msaidie, lakini kwanza uliza."

Kisha akamwachia kiti, akampa kipande cha kitambaa cheupe, akasimama nyuma yake. "Haya, kaa vizuri. Leo tunaanza kola."